Shuka Lisiguse Maji

Mtambile, Pemba
Ijumaa, 27 Juni 1947, mwezi 8 Shaaban

Kwa dada yangu Bi Kazija, tuliyenyonya naye ziwa moja,

Salamu zetu zikufikie huko Ng'ambo ya Unguja, wewe na shemeji Bakar. Mungu amnyanyue kwenye kitanda hicho na auhuishe upande wake uliopooza. Sisi hatujambo. Siti anakuamkia, anasema wifi yake kamsahau tangu apate majirani wa mjini. Mwanetu Mwanaasha ameng'oka meno mawili ya mbele, anasoma Kurani kwa miluzi, na mwalimu wake anashindwa kumkaripia kwa kicheko. Muhogo wa nyuma ya nyumba umeshika vizuri, ingawa tumbili nao wameuona.

Ama baada ya hayo, nimepata kazi mpya. Unawakumbuka maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mikarafuu na kujenga humo? Msimu uliopita waliwauma wachumaji mpaka miti mingine ikaachwa, karafuu zikafunguka maua zikaharibika. Mwaka huu mwenye shamba letu, Bwana Soud, kaleta unga wa kuwaua, madebe kwa madebe. Nokoa Ahmada, msimamizi wetu, katuchagua watatu: mimi, Jaribu na Msellem. Unga unatiwa katika kifuko cha kitambaa, kifuko kinafungwa ncha ya mwanzi mrefu, nawe unasimama chini ya mti asubuhi kabla umande haujakauka, unatikisa. Nusu ya unga inashika majani na nusu inakuteremkia wewe. Chungu wanaanguka mpaka unawasikia wakigonga majani makavu.

Siku ya kwanza nilirudi mweupe pe. Siti alicheka mpaka akakaa chini, na Mwanaasha akakimbia kumwita jirani aje amwone mzungu. Usoni najifunga lile shuka la merikani ulilonishonea baada ya matanga ya mama. Hilo hilo ndilo nikirudi najifunikia. Dada, shuka lile linanifaa kuliko nguo zangu zote.

Nina suala moja. Ramadhani imekaribia, na unga huu huwezi kuuzuia usiingie kooni. Jaribu anasema saumu itabatilika, Msellem anasema haibatiliki, nami sitaki kulipa mwezi mzima. Muulize yule shehe anayekuja kumsomea shemeji, kisha unijibu.

Kifua kinanibana kidogo, si kitu.

Nduguyo, Nyange

*

Ng'ambo, Unguja
Jumamosi, 12 Julai 1947

Mdogo wangu Nyange,

Wa alaykum salaam, na salamu zako zote zimefika kwa hesabu yake. Bakar ni yule yule. Mkono wa kushoto haumtii, namgeuza asubuhi na jioni, na nikitoka mlangoni kidogo tu ananiita. Ndiyo maana mwaka wa pili huu sijapanda meli kuja kwenu. Mwambie Siti majirani wa mjini hata moto hawaazimani, asiwaonee wivu. Mwanaasha mwambie shangazi yake anataka kuisikia hiyo Kurani ya miluzi kabla meno hayajaota.

Shehe nimemuuliza. Amesema kitu kisichozuilika, kama vumbi la njiani au unga wa mwenye kuchekecha, hakibatilishi saumu, maadamu mtu hakukusudia kukimeza. Basi funga yako itasimama. Mwambie Jaribu atulie na Msellem asijivune.

Hayo ya dini yamekwisha, sasa yangu. Umeniandikia ukurasa mzima wa chungu na mstari mmoja wa kifua. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, Nyange. Ulipovunjika mkono ulisema umeteguka kidole. Niambie unakohoa saa ngapi, unalala chali au unaegemea, na wenzako wana nini. Na kama kazi hiyo inakula kifua, iache, urudi kwenye palizi. Jembe halijaua mtu kwa pumzi.

Nakungoja unijibu, na safari hii unijibu kweli.

Dada yako, Kazija

*

Mtambile, Pemba
Jumamosi, 9 Agosti 1947, mwezi 21 Ramadhani

Kwa dada yangu Bi Kazija,

Salamu na mfungo mwema. Nisamehe kuchelewa, barua hii nimeianza mara tatu. Mwanaasha anafunga nusu siku na kudai futari nzima. Siti hajambo. Tumbili wamekula muhogo wa upande wa bondeni.

Fatwa ya shehe imetufurahisha sana. Msellem amejivuna vile vile.

Umeniambia niache kazi. Nilikwenda kwa nokoa kabla ya mfungo, nikamwomba anirudishe kwenye palizi. Hakunifokea. Alikuwa amekaa juu ya debe la unga, akanijibu polepole: "Nyange, weye hujakosa kitu. Lakini nyumba ile mnayokaa Bwana Soud kaiweka ya mtu wa kifuko. Asotikisa ampishe anotikisa." Simlaumu, dada. Yeye naye kajenga juu ya ardhi ya mtu. Unajua babu yetu alishuka kisiwani humu hana mche wake, na sisi mpaka leo hatuna hata pa kuchimbia nguzo ya kibanda. Nikiacha kutikisa, Siti na mtoto nitawapeleka wapi? Muhogo nao nitaung'oa nichukue mabegani?

Umeuliza nijibu kweli. Nakohoa nikiamka na nikilala. Nalala nimeegemea ukuta. Tarawehe nilizifikisha rakaa nne, sasa nasali nimekaa. Macho yananiwasha. Msellem anakohoa lakini ana nguvu zake. Jaribu haji kazini tangu wiki iliyopita.

Dada, fukizo la mama unalijua wewe peke yako, ndiye aliyekurithisha. Naliomba. Nakumbuka alivyomtoa pumu yule mtoto wa Makangale waliyemleta akiwa hasemi. Nitumie.

Nduguyo, Nyange

*

Ng'ambo, Unguja
Jumapili, 24 Agosti 1947, Mfunguo Mosi

Mdogo wangu Nyange,

Idi imepita, Mungu atakabali saumu zenu. Bakar alikula pilau kidogo kwa mkono wake wa kulia, nikalia, akaniuliza nalilia nini. Kanga hiyo ni ya Siti. Mwanaasha nimemwekea ushanga ndani ya fundo.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Kuhusu nyumba sina la kukuambia. Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma, na sina.

Dawa hii anakuletea Bi Duni, anayekuja huko kwa mwanawe. Fundo jeupe ni ubani, jeusi ni habasoda, na majani makavu ni kivumbasi nilichochuma mwenyewe Ijumaa. Siti asikilize vizuri, maana fukizo likikosewa ni moshi tu. Ni siku saba, kila siku baada ya Alasiri. Atie makaa kwenye chetezo, anyunyize dawa, chetezo akiweke baina ya miguu yako, na akufunike gubigubi mpaka chini.

La kukufunikia ndilo kubwa. Mama alikuwa akisema ugonjwa humjua mtu kwa jasho lake. Ukifunikwa nguo ya mwingine, au nguo iliyofuliwa, ugonjwa unapotea njia na kurudi ndani. Ufunikwe nguo uliyoitolea jasho mwenyewe, na isiguse maji mpaka saba zitimie. Hilo shuka la merikani ndilo lenyewe, alhamdulillahi kwamba huliachi mwilini. Utakohoa sana. Siti asikufunue hata ukimwomba. Kikohozi ndicho ugonjwa unavyotoka, na asiyekohoa dawa haijamfikia.

Hukuniambia Jaribu ana nini.

Dada yako, Kazija

*

Mtambile, Pemba
Jumatano, 17 Septemba 1947

Kwa dada yangu Bi Kazija,

Baada ya kukuamkia na kumwombea shemeji, pokea shukrani zetu. Siti kaivaa kanga siku ile ile. Ushanga Mwanaasha kautia shingoni na hakubali utoke hata akioga. Muhogo tumeanza kuung'oa.

Bi Duni alifika salama na dawa imefika. Saba tumezitimiza, na Siti kafanya kila neno ulivyoandika. Shuka halikuguswa na maji. Siku ya kwanza nilikohoa kuliko nilivyopata kukohoa, Siti akaniambia dawa imeingia. Siku ya tatu miguu ilinikataa, nikashika ukuta na kumwomba anifunue. Alilia, lakini hakunifunua, alisema, "Wifi kakataza." Amefanya vizuri. Siku ya tano nilitapika. Harufu ya ule unga nilikuwa naisikia hata ndani ya ubani, nikajua ni huo unaotoka kifuani, kama alivyosema mama. Kwa kuwa unatoka hivyo, nimeona nisikatishe. Juzi nimeanza saba nyingine, na dawa iliyobaki inatosha hata saba za tatu, inshallah.

Kazi inaendelea. Miti ya chini imekwisha chumwa, sasa tunatikisa ile ya mlimani. Natikisa mmoja, nakaa, natikisa mwingine. Nokoa anaona na anageuza uso.

Umeuliza Jaribu. Alifariki mwezi ishirini na saba Ramadhani, nami nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Watu walisema amebahatika kufa usiku mtukufu. Sikukuandikia kwa sababu ungeogopa. Nilikuwa nimemwambia fatwa ya shehe, naye akafunga mpaka siku yake ya mwisho.

Nduguyo, Nyange

*

Ng'ambo, Unguja
Alhamisi, 25 Septemba 1947

Nyange,

Salamu nitazileta chini. Litoe nje shuka lile sasa hivi, usome barua baadaye. Usijifunike. Siti asikufukize tena. Alichimbie mbali na kisima, na mikono aoshe kwa sabuni.

Leo nilikuwa namsomea Bakar barua yako. Alikuwapo Mzee Mmanga, jirani yetu, anayepuliza dawa ya mbu mitaroni. Nilipofika kwenye fukizo akanizuia, akauliza, "Bi Kazija, shuka hilo ndilo analojifunga kazini?" Nikamwambia ndilo. Kisha akasema wao nguo zile haziingii nyumbani, zinavuliwa huko huko bohari, na mkewe hajapata kuzigusa. Akaniuliza lilifuliwa lini. Nikamwambia halijafuliwa, mimi ndiye niliyeandika lisiguse maji.

Unga wa miezi mitatu ulikuwa ndani ya shuka lile, Nyange. Tukakufunika nalo, tukakuwekea moto chini, tukamwambia mkeo asikufunue. Wewe ukaomba. Mimi nilikuwa huku, ng'ambo ya bahari, nimekushika kichwa ndani.

Mama hakukosea. Mama hakuujua unga huu. Mimi niliujua, ulikuwa umeniandikia.

Jumapili, tarehe 28. Meli haikwenda. Wanasema mashine yake imeharibika. Nimeshinda bandarini nikiuliza kila mwenye mzigo kama anakwenda Pemba, na niliporudi nimemkuta Bakar ameanguka kitandani, amekaa sakafuni na haja yake. Nimemsafisha, naye ananiomba radhi. Saba za pili zimetimia tangu Jumapili iliyopita, nimehesabu kwa vidole. Labda umepumzika kabla ya kuanza tena. Namwomba Mungu uvivu wako wa utotoni ukurudie.

Jumatano, tarehe 1 Oktoba. Wanasema meli kesho. Barua nimeifungua kuongeza neno moja. Njooni huku wote watatu. Chumba ni hiki kimoja, tutabanana na Bakar. Nilipaswa kuliandika hili tangu mwezi wa saba. Sikuliandika kwa sababu nilichoka, ndugu yangu. Nilimwogopa mgonjwa wa pili.

Kazija

*

Mtambile, Pemba
Ijumaa, 24 Oktoba 1947, siku ya Arafa

Kwa dada yangu mpenzi Bi Kazija,

Salamu za Idi ya kesho, na umpe shemeji mkono wangu. Utaona hati imepinda. Naandika mistari miwili napumzika, na hii ni siku ya nne ya barua hii. Mwanaasha ameota jino moja, miluzi imepungua. Mvua za vuli zimeanza.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na mbili Oktoba. Ilikaa dukani chini ya gunia la mchele. Saba za pili zilikuwa zimetimia, na za tatu nilikuwa siku ya nne. Siti aliposomewa alikwenda uani, na hakurudi mpaka Magharibi. Shuka tumelichimbia ng'ambo ya bonde, na jiwe juu yake.

Sasa nisikilize, maana hili sitaliandika mara mbili. Hukuniua wewe. Nilisimama chini ya miti, sijui mingapi, kabla hujatia ubani kwenye fundo. Jaribu hakufukizwa na mtu. Na harufu ile niliitambua siku ya kwanza, dada, pua yangu ilijua imetoka katika shuka. Nilinyamaza kwa kuwa dawa ilikuwa ya mama na mkono ulikuwa wako, nikaona nikisema nitakuwa nimeikataa. Kosa hilo ni langu, niachie.

Hospitali ya Chake nimekwenda. Walinibeba kwa gari ya mizigo. Wamenipa dawa ya chupa na wameniambia nikae pasipo vumbi. Mpaka Mkoani kwenye meli sifiki. Kutoka kitandani mpaka mlangoni napumzika mara mbili. Chumba chako nimekipokea moyoni, lakini tusiseme uongo, sitakiona. Na ulipoandika kwamba ulichoka sikukasirika. Nimefurahi kwamba mmoja wetu amesema kweli bila kuulizwa.

Limebaki jambo ambalo sikutaka kukuandikia. Nokoa alikuja Jumatatu iliyopita. Hakuingia ndani. Alimwambia Siti Bwana Soud ameuliza kifuko cha Nyange kiko kwa nani. Siti akamwambia, "Kiko hapa hapa nyumbani, kesho n'takuja nacho." Nilimwita, nikamkataza. Nilimkataza kwa sauti niliyonayo, nawe hujaisikia, huwezi kuisikia hata ukikaa mkekani kwangu. Akanifunika miguu na kusema nisijichoshe. Unga unatikiswa kutoka chini, hahitaji kupanda mti, na mwanzi si mzito. Hana alipokosea, dada. Nilitafuta la kumjibu kama wewe ulivyotafuta la nyumba, na mimi sikulipata.

Jumanne alirudi mweupe pe, mpaka kope. Mwanaasha alicheka, akakimbia mlangoni kumwita jirani. Nikamwita arudi, hakunisikia.

Kanga ya kazi nimemwambia isiingie ndani, na haiingii. Anaifua kisimani kila siku, anaianika mbali. Kwa hilo umetusaidia, nataka ulijue. Lakini tangu jana anasafisha koo kila anapotaka kusema neno. Nimemuuliza. Anasema kinamkereketa kidogo, si kitu.

Nduguyo, Nyange